Nyumba ya Simu Mbili

Liban ni dereva wa ambulensi. Mkewe Ugbad huosha maiti za wanawake. Watu wa Galbet, mtaa wanaoishi, wana mzaha wao: simu ya Liban isiposaidia, itaita ya Ugbad. Wenyewe hawacheki, ila wameuzoea.

Ijumaa hiyo Liban alikuwa na mapumziko. Ndiyo kwanza ametoka msikitini, ameketi mbele ya sinia la wali na nyama ya ngamia, simu ikaita.

"Huyo, mke mwenzangu," alisema Ugbad.

"Ana wivu kukushinda. Nyama yangu usiiguse, wallahi."

Aliposikiliza, tabasamu likafutika. Wanawake wawili wa kijiji kimoja walikuwa wamezidiwa na uchungu wa kuzaa, na dereva wa zamu hapatikani. Mmoja wao alikuwa Sagal, mdogo wake Ugbad, mimba yake ya kwanza.

Liban alimweleza mkewe kwa haraka, akaondoka bila kunawa.

Ugbad alifunika sinia. Akampigia Sagal, hapatikani. Akampigia Liban, hashiki. Aliswali alasiri, akapotewa na hesabu ya rakaa, akaanza upya. Alipomaliza, simu yake ikaita. Alikuwa Maryan, mwangalizi wa chumba cha maiti.

"Njoo, abaayo, dada yangu. Kuna mama amefariki na mimba yake."

"Ni nani?"

"Si unajua hatutaji kwa simu? Njoo tu."

Ndiyo desturi yao, jina lisije likazunguka mjini kabla ndugu hawajaambiwa. Ugbad hakuwahi kuona ubaya wake mpaka siku hiyo.

Alichukua kafuri, glavu na unga wa majani ya mkunazi, akapanda tuktuk. Njiani alijilazimisha kufikiria kazi, lakini mawazo yakarudi kwenye nywele za Sagal, jinsi zinavyoteleza mtu akizisuka.

Katika chumba cha kuoshea, mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama kando ya maiti. Ugbad hakumsalimia hata. Alikwenda moja kwa moja akafunua shuka usoni.

Hakuwa Sagal.

Kicheko kikamtoka. Kifupi, kama cha mtu aliyenusurika kugongwa na gari. Akaziba mdomo, lakini kilishatoka.

"Umecheka," alisema yule mama.

"Hooyo, mama yangu, nisamehe. Nilidhani ni mdogo wangu. Walikuwa gari moja."

"Yule mwingine? Yuko wodini, amejifungua msichana. Njiani nilimshika mkono mimi, maana wangu alikuwa ameshanyamaza."

Ugbad akavaa glavu.

"Ningepata mtu mwingine saa hii, ningekufukuza. Mwanangu anaitwa Qali. Nitamwosha mwenyewe. Wewe mimina maji, na usiniambie pole."

Mama alishika mkono wa kushoto. Kuosha maiti huanzia upande wa kulia. Ugbad aliuinua polepole mkono wa kulia wa Qali, akaushikilia hapo mpaka mama akaelewa.

Kisha akamimina.