Macho ya Kisogoni

Kila asubuhi, akishaosha kikombe chake cha chai, Shangazi alibeba kigoda na darubini akaenda kumtazama kibundi kwenye kijisitu walichoachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake wa kiume.

Kibundi mwenyewe hakuzidi ngumi. Alikaa mchana kweupe kwenye tawi la chini, karibu na shimo lake, akitikisa mkia huku na huku kama mtu anayetafuta ugomvi. Kisogoni alikuwa na mabaka mawili meusi, macho kabisa, hata vijindege waliokuja kumzomea kwa nyuma walihisi wanatazamwa, wakaona bora waondoke. Shangazi, aliyeendesha basi mpaka akastaafu, alimwelewa. Naye kazini aliishi kwa vioo vya kutazamia nyuma.

Alikitazama sana kile kisogo. Msusi ndiye aliyegundua.

"Shangazi, huku nyuma umeota macho."

"Mangapi?"

"Mawili. Nisuke juu kwa juu au niyapishe?"

"Yapishe. Na hicho kitana polepole, kope bado changa."

Nyumbani maisha yaliendelea. Watoto walimwomba akonyeze, akakonyeza. Wifi yake, aliyezoea kumbinulia midomo kila akimpa mgongo, alihamia ubavuni. Mdogo wake alisikia habari hizo lakini alikuwa na shughuli nyingi, na kichwa cha dada yake hakikuwa mojawapo.

Asubuhi moja huyo ndiye aliyemsindikiza msituni, akitembea nyuma yake, eti amlinde na nyoka. Asubuhi ile Shangazi akamwona anatoa chaki mfukoni na kutia alama kwenye miti mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mti wa kibundi alitia kubwa zaidi.

"Huo una mwenyewe," Shangazi alisema bila kugeuka.

Mdogo wake akapangusa chaki kwenye suruali. "Kumbe yanaona kweli, Dada."

"Yanaona. Unauza?"

"Ukoo ulishakaa. Mwenye mashine ya mbao anakuja Jumatatu."

"Mlikaa lini, mimi niko wapi?"

"Huku. Unatazama ndege."

Shangazi hakupiga kelele. Aliitisha kikao upya, akaweka kiti chake katikati ya sebule, akasema kijisitu ni chake pia na hajakiuza. Alisema vizuri, na alijua amesema vizuri. Baba mdogo, mkubwa wa kikao, akainuka, akakizunguka kiti taratibu, akainama kuangalia, akarudi kukaa.

"Binti yetu ana macho manne," alisema, "hilo halina ubishi. Ila kura yake ni moja."

Mikono ikanyooshwa. Shangazi aliiona yote, hata ya waliojificha nyuma yake.

Jumatatu misumeno ililia mpaka alasiri. Lori lilikwama likirudi nyuma, dereva haoni kitu kwa vumbi la mbao. Shangazi hakuweza kuvumilia uendeshaji ule. Akasimama nyuma ya lori, ameligeuzia mgongo, akaliongoza kwa mkono na kwa sauti. "Rudi. Rudi. Kata kulia. Hapo hapo, simama!" Halikugusa hata kisiki.

Kibundi akaja, akazunguka mara mbili, akatua utosini pake.

"Sasa hata nyoka hawana pa kukaa, Dada," mdogo wake alisema akipanda lori. "Unaweza kurudi mwenyewe."

Shangazi akachukua kigoda chake akarudi, kibundi akitikisa mkia juu ya kichwa. Alitazama mbele, akatazama na nyuma. Kote kulikuwa kweupe.