Valdecir wa Lubao

Mume wangu Valdecir alizaliwa Brazili, nchi ambayo kujua mpira tu hakumpi mtu jina. Huko alichezea timu za daraja la nne, akavunjika mguu, akasugua benchi, hadi wakala mmoja akamleta Kakamega kwa msimu mmoja. Sasa ni miaka tisa. Amefunga mabao sabini na manne, na siku ya harusi yetu kule Shianda watu walifurika mpaka barabarani.

Agosti iliyopita baba yake, Mzee Osmar, dereva wa malori aliyestaafu, alikuja kuona mechi ya mwisho ya Valdecir. Hata chai haijapoa, alimwambia mwanawe kwa Kireno, lugha ambayo nimeshaizoea:

"Nimekuja kukuchukua. Una miaka thelathini na sita na hakuna anayekujua."

Mimi nilikasirika, lakini mkwe ni mkwe. Kesho yake nikawaambia, "Twendeni Lubao, nanunua kuku."

Sokoni, Mama Jescah anayeuza kuku alipojua mgeni ni nani, alimshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye baba ya Vardesiri? Karibu sana! Huyu tunampendanga. Timu iliposhuka daraja, wageni wote walienda zao. Yeye akabaki, akaanza kufundisha wasichana wetu mpira. Binti yangu Mitchel yuko chuo kikuu kwa sababu ya huo mpira."

Valdecir alitafsiri kwa maneno mawili, akitazama chini.

"Sema yote," nikamwambia.

"Kulthum, tafadhali…"

"Yote!"

Akasema yote, masikio yamemwiva. Mama Jescah akamkabidhi mzee jogoo mwekundu, akakataa malipo. "Ingokho ya mgeni haiuzwi," alisema, akimtaja kuku kwa Kiluhya. Tulipofika kwenye bodaboda, vijana walikuwa wameshajipanga kumsalimia mzee, mmoja mmoja, kwa heshima.

Jumapili uwanja ulijaa. Valdecir hakufunga bao. Pasi yake ndiyo iliyozaa la pekee. Dakika ya themanini kocha Phanuel alimtoa. Uwanja mzima ukasimama. Wachezaji wa timu zote mbili wakapanga mistari miwili, akapita katikati akilia waziwazi.

Nilimgeukia mkwe wangu. Alikuwa amesimama juu ya kiti, kofia mkononi, akimwonyesha mtu wa pembeni asiyejua neno la Kireno: "Mwanangu! Yule ni mwanangu!" Yule mtu akamkumbatia.

Jioni mzee alimpigia simu kaka yake Brazili. Kwa miaka tisa, majirani walipouliza, alijibu tu kwamba mwanawe anafanya kazi ng'ambo. Sasa alikuwa akipaza sauti hadi ng'ombe wa jirani wakageuka.

"Hapana, harudi. Kuanzia Jumatatu ni kocha rasmi wa timu ya wasichana. Waambie watu wote pale kituo cha malori. Waambie kazi yake ni mpira, na huku wanamjua!"