Mlango wa Fadul

Printa ilianza kukwaruza asubuhi, Nafuna akiwa bado anakoroga chai, na jina la kwanza lililochomoza kwenye karatasi lilikuwa la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Alisimama kikombe mkononi, akilitazama likipanda polepole: Fadul Osman, Khartoum. Chini yake palikuwa na maneno machache tu. “Joto limezidi huku. Nitakuja kabla ya mfungo.” Habari za kifo chake zilifika kwa simu mwezi uliotangulia. Homa ilimchukua ghafla, akazikwa hukohuko siku ileile, na mama yake aliyeko Kibera hakuona hata sanda.

Ulikuwa mwaka 1989, na waliokuwa na barua za kompyuta Nairobi nzima walikuwa wachache. Shirika dogo la kuhudumia wakimbizi, lenye ofisi juu ya duka la nafaka Riruta Satellite, lilikuwa miongoni mwao. Kompyuta yao ilipiga simu London, ikavuta ujumbe uliokuwa ukisubiri, kisha programu ya Nafuna ikaupanga. Hakuiandika yote mwenyewe. Fadul, aliyekuwa mwenzake ofisini, ndiye aliyemletea disketi yenye maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, ambavyo mtu huviunga kama fundi anayenunua milango na madirisha yaliyochongwa tayari. Kipande kimoja kilisoma jina la mtumaji, kingine tarehe, kingine kikatenga anwani na maneno yenyewe. Walivijaribu pamoja, bega kwa bega, kabla Fadul hajahamishiwa Khartoum. Kulikuwa na neno kati yao ambalo kila mmoja alingoja mwenzake alitamke kwanza.

“Hiyo ni foleni tu,” alisema Gichuru, mkuu wa ofisi, alipoonyeshwa karatasi. “Ujumbe ulikwama njiani, sasa unaachiliwa.”

“Tarehe ni ya jana, bwana Gichuru.”

“Saa za mashine hukosea.” Lakini aliirudisha ile karatasi haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Kesho yake ukaja mwingine, na keshokutwa mwingine tena. Fadul aliulizia mvua. Aliulizia kama ngazi ya ofisi imetengenezwa. Msichana wa mapokezi akaacha kuingia chumba cha kompyuta. Hatimaye Gichuru akamwita Nafuna pembeni.

“Iambie programu imtupe. Chochote chenye jina lake, kisichapwe. Tutafanyaje kazi hivi?”

Nafuna aliandika mstari huo kwa dakika chache: mtumaji akiwa huyu, futa. Maktaba haikuuliza kwa nini. Tangu hapo printa ikatoa habari za mahema, dawa na mahindi, na ofisi ikapumua. Yeye hakupumua. Kila programu ilipomaliza kazi ilionyesha idadi ya ujumbe uliopokewa na idadi ya uliochapwa, na siku zote uliochapwa ulikuwa pungufu. Nafuna aliutazama upungufu ule akahisi kwamba mtu alikuwa amebisha hodi, akageuzwa njia bila kusikilizwa.

Siku moja adhuhuri programu ilisimama katikati ya kazi. Kulikuwa na ujumbe ambao haukuwa na mtumaji. Pale palipotakiwa jina palikuwa peupe, na kile kipande cha kusoma majina kilirudi mikono mitupu. Nafuna akaufungua kwa mkono.

“Nafuna, mbona mlango umefungwa? Mama yuko macho.”

Hakumwita Gichuru. Aliuchapa, akaukunja, akashuka ngazi na kushika njia ya Kibera kwa miguu.

Kaltuma, mama yake Fadul, alikuwa barazani kwake katika mtaa wa Makina, akisuka kawa ya rangi ya kufunikia chakula. Nyumba ilikuwa wazi nyuma yake, mlango umeegemezwa jiwe.

“Karibu, mwanangu. Mbona umekonda?”

“Ni kazi tu, mama. Nawe hulali?”

“Nitalalaje? Nikifumba macho namsikia akizunguka nyumba. Anasukuma mlango, anaondoka.” Kaltuma aliutazama mlango wake. “Nimeuacha wazi usiku na mchana, na bado haingii. Sasa najiuliza ni mlango gani huo anaousukuma.”

Njiani Nafuna alikuwa amepanga maneno yake vizuri: foleni, London, saa za mashine. Sasa aliyaacha yote. Alikunjua karatasi akaisoma kwa sauti, kwa kuwa Kaltuma hakujua kusoma. Mama hakulia. Aliiweka kawa chini.

“Unaweza kumjibu?”

Siku iliyofuata Gichuru alikuwa na mkutano mjini, na Kaltuma akapanda ngazi za ofisi akiwa amejitanda vizuri kama aendaye kuhani. Kabla ya lolote Nafuna aliutafuta ule mstari wa kumtupa Fadul akaufuta. Kisha akaandika alichoambiwa.

“Mwambie hatukumwosha kwa mikono yetu, lakini khitma tumemsomea. Mwambie mama hana kinyongo. Apumzike.” Kaltuma akamgeukia. “Na wewe, huna lako?”

Nafuna aliinamia vitufe. Aliandika neno moja fupi ambalo mama asingeweza kulisoma, wala hakuliuliza. Akatuma.

Hakumwambia Kaltuma kwamba sanduku la barua la Fadul kule Khartoum lilikuwa limefungwa tangu alipofariki, na kwamba ujumbe ukikosa mwenyewe humrudia aliyeutuma, ukiwa na maelezo makavu ya mashine kwamba hakuna mtu huyo. Ilikuwa kawaida, na haikuchukua zaidi ya siku mbili.

Fadul hakuandika tena. Jina lake halikuchomoza kwenye karatasi, wala pale penye jina hapakuwa peupe tena. Kaltuma alituma salamu kwamba sasa analala hadi adhana ya alfajiri.

Nafuna aliendelea kuzipitia barua zilizorudi kila asubuhi, kabla hajamimina chai. Zilirudi barua za Kampala, za Juba, za watu waliohama na waliokosewa herufi moja ya jina. Yake haikurudi.