Skrini Yenye Kisogo

Karani mstaafu alikuwa chini ya meza, makalio nje, akipapasa ukutani pa kuchomeka waya wa skrini yake ya zamani. Mkewe alisimama mlangoni na ufagio.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Ila wewe ukishainama huinuki, mzee wangu."

"Ya kale ni dhahabu."

"Dhahabu gani ya kufunikwa kitambaa ili wageni wasiione?"

Ilikuwa skrini ya zile zenye kisogo kikubwa, nzito kama gunia la mchanga. Kompyuta yake ilikufa zamani. Skrini ikabaki, maana Karani hakuwa mtu wa kutupa hata kizibo. Sasa mkwe wao alikuwa amewaletea kompyuta ya kisasa, ndogo kama kipande cha sabuni, isiyo na kioo chake. Waya wa skrini na tundu la kompyuta havikulingana hata kidogo. Karani akaenda dukani akarudi na kiunganishi cha kuwapatanisha wawili hao, na mkewe akamuuliza harusi ni lini.

Masihara hayo yote aliyavumilia kwa sababu moja. Macho ya mkewe yalikuwa yamefifia, na tangu mjukuu wao azaliwe ng'ambo alikuwa hajawahi kumwona sawasawa. Kwenye simu aliona ukungu tu, lakini kukiri hataki. Kila picha aliisifu. Juzi binti yao alituma picha ya sufuria mpya, naye akapiga kigelegele, "Jamani, kakua!" Karani alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoka uani, maana machozi yaliyofuata hayakuwa ya kicheko.

Simu ya video ya binti ikaingia kwenye kompyuta. Spika zikasema, "Mama, mnatuona?"

Skrini ilikuwa nyeusi tii. Karani akachomoa, akachomeka, akakipiga kisogo kofi. Wapi!

"Tunawaona, mwanangu!" mkewe akadakia. "Mmependeza kweli kweli!"

Maneno hayo yalimchoma Karani kuliko kejeli zote za asubuhi ile. Ndipo akakumbuka, na jasho likamtoka. Siku alipoifunika skrini, yeye mwenyewe ndiye aliyezungusha kitufe na kuupunguza mwanga mpaka mwisho, akiamini kuwa mwanga usipotunzwa huisha, kama mafuta ya taa. Akajifanya anafuta vumbi, kidole kikapenya chini ya kioo, akazungusha polepole.

Mtoto akajitokeza, wa kijanikijani, anatafuna soksi, uso umejaa kioo kizima.

"Mzee," mkewe akasema bila kugeuka, "kumbe mwanga ulikuwa umeuficha wewe?"

"Nilikuwa nauwekea akiba."

Aliuegemeza ufagio ukutani, akasogea mpaka pumzi zake zikakigusa kioo.

"Maskini mjukuu wangu," akasema hatimaye. "Masikio ni ya babu yako, yote mawili."