Mbao Nne kwenye Stoo ya Kaburu

Mzee Irungu hakwenda mjini kutazama picha. Alikwenda kutazama dirisha.

Stoo yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa nyumba yake, haikuwepo tena. Mwezi wa tatu tingatinga la barabara mpya liliisukuma mara mbili tu, ikalala. Mbao ambazo Kaburu, mlowezi wa zamani wa shamba lile, alizipigilia kabla baba yake Irungu hajazaliwa zikapakiwa kwenye lori, na hakuna aliyemwambia zinapelekwa wapi. Wakubwa hawamwambii mtu kitu. Kwa maoni yake, walivyoichukua stoo ndivyo walivyomchukua Nyakio, mke wake: benchi ya hospitali tangu asubuhi hadi saa kumi, daktari yuko semina. Miaka miwili sasa. Kila mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, Irungu alikuwa na neno naye.

Lakini kabla ya tingatinga walikuja wengine, wa kuchora. Ofisi moja ya serikali ilikuwa imemtuma msichana mchoraji azunguke kutoka Kaptagat hadi Kesses, achore nyumba za zamani za walowezi, stoo zao na mazizi yao, kabla hazijaanguka zote. Stoo ya Irungu ilikuwa kwenye orodha. Leo maonyesho ya picha hizo yalikuwa yanafunguliwa ukumbini mjini, na Rael, jirani yake, alikubali kumsindikiza.

"Baba Muigai, hiyo koti ni ya harusi ya nani?" Rael alimuuliza njiani.

"Niliivaa kumzika Nyakio."

"Haya. Basi funga vifungo vizuri, asituaibishe mtu."

Habari ya dirisha ni hii. Mwaka wa themanini na saba, wanunuzi wa shamba walipogawana, Irungu na Nyakio waliangukiwa na kipande chenye stoo. Wakasema watakaa humo kidogo, wajenge. Hawakujenga. Na stoo ya mahindi haina dirisha, kwa sababu mahindi hayana haja ya kuona nje. Ndani kulikuwa giza saa sita mchana, moshi wa jiko unazunguka hauna pa kutokea. Nyakio aliomba akatiwe dirisha. Irungu akasema wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ikawa miaka mitatu. Siku moja, akitoka sokoni kuuza viazi, alikuta uso wa mke wake unamtazama kutoka ukutani, umejaa vumbi la mbao, unacheka. Alikuwa ameazima msumeno kwa kina Rael, akamalizia na panga. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kuliko wa kulia, hata asiyeona vizuri angejua.

"Umeharibu mbao za Kaburu!" Irungu alifoka.

"Kaburu alirudi kwao," Nyakio akamjibu. "Mimi ndiye nakohoa hapa."

Miaka zaidi ya thelathini Irungu alipanda ule mteremko akiona uso huo. Hapo Rael alisimama na chupa ya maziwa, wakaongea na Nyakio mpaka chai ikapoa. Hapo chini ndipo kilipowekwa kitanda alipougua, apate kuona barabara. Picha yake moja ilikuwepo, ile ya kitambulisho iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi, amekunja uso kama mtu aliyeshtakiwa. Haikufanana naye. Dirisha lilifanana naye.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Bethwel, naibu wa chifu, na beji kifuani.

"Mzee Irungu! Karibu sana. Leo umekuja na kesi gani?"

"Ile ile. Si mmeikalia mpaka imeanguliwa?"

Watu wakacheka, na Bethwel naye akacheka, kwa kuwa wageni walikuwa wanatazama.

Picha zilikuwa kubwa, za rangi. Kulikuwa na nyumba ya mawe ya Kaptagat yenye chimni mbili, na nyingine ambayo siku hizi ni ofisi ya shule. Rael alisimama mbele ya zizi la kukamulia, akasoma kadi iliyokuwa chini yake kwa sauti, maana Irungu aliachia darasa la tatu. Kadi ilisema mlowezi gani alijenga zizi, mwaka gani, na fahali wake aliyeshinda tuzo aliitwaje.

"Na baba yangu je?" Rael akaiuliza kadi. "Miaka kumi na minane aliamka saa tisa usiku kukamua hapa. Wameandika jina la fahali!"

"Si ndio hao," Irungu alisema. "Si nakuambiaga?"

Stoo yake ilikuwa ya mwisho, pembeni. Paa lenye kutu, lile lile. Mlango mpana wa kuingiza mkokoteni, ule ule. Macho yakakimbilia kulia, upande wa jiko.

Mbao. Mbao tu, kutoka juu hadi chini.

"Na dirisha la Nyakio liko wapi?" Rael aliuliza polepole.

Irungu aligeuka, na sauti iliyomtoka ilinyamazisha ukumbi mzima. "Mmemfuta! Mlimwacha afe kwenye benchi, mkabomoa nyumba yake, na sasa hata kwenye karatasi mmemfuta! Alikuwa amewakosea nini huyo mama?"

"Mzee, pole pole, pressure itapanda," Bethwel alisema akija mbio. "Kuna wageni."

"Wageni ndio nawaambia! Nani aliamuru dirisha litolewe? Wewe?"

Mchoraji alijipenyeza katikati ya watu. Jepchumba alikuwa msichana mwembamba, kucha zake bado zina rangi. Hakubishana. Alitoa simu, akatafuta, akamsogezea.

"Mzee, shikamoo. Hii ndiyo picha niliyopiga siku ile tulikuja na wakubwa. Sijatoa kitu. Nilichora vile niliona."

Irungu aliishika simu kwa mikono miwili. Aliona uwanja uliofagiwa, na mawe ya njiani yaliyopakwa chokaa. Na ukutani, upande wa jiko, mbao nne mpya, manjano kama ugali wa mahindi ya manjano, na vichwa vya misumari vinang'aa.

Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Bethwel alikuwa amepita jioni ya kuamkia siku hiyo akasema wageni wanakuja, safisheni boma, wanataka kuona stoo kama ilivyokuwa zamani za Kaburu. Hilo tu. Dirisha hakulitaja. Na Irungu, ambaye hapitishi siku bila kuwatukana wakubwa, aliamka alfajiri akafagia kama mtu anayengoja posa. Alipaka mawe chokaa. Kisha akasimama nyuma, akalitazama lile dirisha lililokaa upande, akaona aibu. Aliona watauliza ni fundi gani mlevi alikata hili. Akachukua mbao nne. Wageni walipoondoka alizing'oa, akasahau. Kwake yeye, picha ingekuwa ya stoo. Hakujua inaweza kuwa ya stoo ilivyokuwa siku ile moja tu.

"Nilisikia nyundo," Rael alisema, bila kumwangalia. "Nikasema kuna kitu anatengeneza."

Jepchumba aligusa mkono wake. "Mzee, niambie tu lilikuwa wapi na lilikaa vipi. Nitaliongeza."

"Picha ni mali ya ofisi sasa," Bethwel alinong'ona. "Haiguswi."

Irungu alikuwa ameisogelea picha mpaka pua inakaribia kuigusa. Kwa mbali ukuta ulikuwa mmoja. Kwa karibu, msichana alikuwa amechora kila kitu: mbao nne zenye rangi angavu kidogo kuliko nyingine, vitone vya misumari, na ufa mwembamba kuzizunguka, ulioshuka upande wa kushoto. Irungu alifuata ule ufa kwa kidole hewani. Ukashuka pale pale panga lilipoteleza.

"Usiongeze kitu," alisema. "Lakini hiyo kadi. Kadi inaweza kuandikwa tena?"

Jepchumba alimtazama Bethwel. Bethwel akatazama wageni, akainua mabega. Jepchumba akatoa kalamu.

"Andika hapa palikuwa na dirisha. Lilikatwa na Nyakio, mke wa Irungu, kwa mkono wake."

Aliandika. "Na kwa nini halionekani?"

"Lilipigiliwa mbao."

"Na nani, Mzee?"

Irungu aliinua kichwa. Bethwel alikuwa hapo na beji yake, na nyuma yake wakubwa wenye suti, wameshika soda, wanangoja hii kelele iishe. Majina yao alikuwa nayo yote mdomoni, kwa miaka miwili alikuwa anayataja kabla ya kulala.

"Na bwana yake," alisema. "Andika hivyo. Bwana yake, akingoja wageni."

Kalamu ilisita, halafu ikaandika. Rael alisoma kwa sauti yale yaliyoandikwa, mara moja, na Irungu akamwomba asome tena.