Sikukuu ya Kukandika

Asubuhi moja ya Desemba 1987, kule Dadamu, Eyotaru alikuwa amepandisha gauni hadi magotini, anakanyaga udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu. Ilikuwa sikukuu yao. Mama yake, Mariam Poni, alikuwa Mwislamu wa Koboko. Marehemu baba yake alikuwa Mkristo wa hapo hapo Dadamu. Walipochoka kuvutana juu ya Idi na Krismasi, walijitungia siku yao ya kiangazi: kukandika nyumba upya, kisha kula kuku wa simsim. Hakuna sala, hakuna hotuba.

Udongo wa bondeni ulikuwa umekauka kama tofali. Mwaka huu Eyotaru aliuchimba nyuma ya ghala la baba mkubwa, Draku, ambaye alikuwa Vurra, mpakani, akingoja malori ya Kongo. Hakuomba ruhusa. Nani huomba udongo kwa ndugu?

Alipofika ukuta wa pili, mkono ukatoka ukutani hadi kwenye kiwiko, ukaanza kulainisha pale alipoacha matuta. Ulifanya kazi vizuri. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka katikati, kama ule wa kaka yake, ulionaswa zamani na mnyororo wa baisikeli.

"Mama, Taban amekuja," Eyotaru aliita.

Mama akatoka jikoni, akaushika mkono kuusalimu. "Mwanangu. Umekawia." Mkono ukambana vidole. "Na umekonda," mama akaongeza, akarudi haraka kwa sababu kuku alikuwa anaungua.

Eyotaru alikuwa akimngoja kaka yake tangu mwaka wa vita, yeye na mama walipokimbilia Kongo bila Taban. Lori likisimama barabarani, alitazama nani anashuka. Baba mkubwa alisema sikuzote kwamba Taban iko Aru, ng'ambo ya mpaka, ana duka, ana mke mnene.

Draku alifika mchana na utani wake. "Mama Taban, leo kuku iko, au tunakula harufu?" Kisha akauona mkono. Akauliza udongo ulitoka wapi.

"Nyuma ya ghala lako," Eyotaru alisema.

Draku akaketi. "Basi mmempata," alisema, kama anayezungumzia mbuzi aliyepotea. "Wakati wa vita askari walitaka mutu mmoja wa Koboko, kwa sababu rais waliyemtoa ni wa huko. Walisema kama hakuna, wanachukua mimi. Nikaonyesha kijana wako, damu ya Koboko. Nikamzika mwenyewe, vizuri."

Eyotaru akatazama miguu yake, akatazama vidole vyake. Kaka yake alikuwa mpaka chini ya kucha. Alikuwa amemkanyaga tangu alfajiri.

Mama akaepua sufuria ya kuku. "Kila mwaka unaniletea salamu za mke mnene," alisema.

"Ningesema nini, shemeji? Ungelia."

Mama akatua sufuria katikati ya mkeka. Kisha akamwambia binti yake, "Maji."

"Mama, kwa huyu?"

"Ndiye mkubwa. Hakuna mwingine aliyebaki."

Eyotaru akachukua birika na beseni. Akapiga goti, akamnawisha baba mkubwa kwanza, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, polepole, mpaka maji yakatoka safi. Halafu akasogea ukutani, ambako kiganja kilikuwa kimefunguka, kinangoja zamu yake.