Mwambieni Huyo

...na kola ianzie ncha kwenda katikati, si katikati kwenda ncha kama wanavyofanya wavivu, ndivyo alivyosema baba, hakuniambia mimi, aliiambia meza, na mimi nimesimama upande wa pili wa meza hiyo hiyo na pasi mkononi, na leo ni shati lake mwenyewe, jeupe, kaka atalivaa mchana watu wakija kumkumbuka marehemu, litambana tumboni, kaka ameshiba, baba alikuwa mwembamba kama waya wa kuanikia nguo... huko sebuleni shangazi anamuuliza kaka atasema nini mbele ya watu, kaka anakohoa, anajaribu sauti, baba yetu alikuwa mtu wa upendo mwingi na maneno machache, maneno machache, baba huyu huyu ambaye mteja akirudisha suruali kwamba haijanyooka alimsomea risala mpaka akaomba radhi yeye mwenye suruali, machache yalikuwa kwangu, hapo kaka hajakosea, kwangu yalipita kwa watu, mwambieni huyo chumvi imezidi, mwambieni huyo afunge mlango, na mama, Mungu amrehemu, alinigeukia kama mkalimani, baba yako anasema chumvi imezidi, na mimi nimekaa pale pale, goti langu linagusana na la baba chini ya meza... shangazi anasema taja na alivyowasomesha, ndiyo, taja, siku nilipopata nafasi ya chuo alimwambia mama mmoja aliyekuja kuchukua mashuka, huyo akienda nani atanyoosha, yule mama akacheka, akadhani ni utani, nikacheka na mimi, na nikanyoosha, na zamu ya kaka ilipofika duka letu la udobi lilifungwa kutwa nzima ili Mheshimiwa asindikizwe, ndivyo alivyomwita, Mheshimiwa, tangu hajaota meno... nyunyiza maji, polepole, kitambaa hiki kinaungua upesi... nilimpenda lakini, nani alimpenda kama mimi, nilipenda mluzi wake akinyoosha mashuka, nilipenda mvua ikinyesha anavyovua koti lake na kufunika nguo za watu, yeye analowa, nilipougua homa alisimama mlangoni akauuliza ukuta, imeshuka? nikajibu mimi kwa niaba ya ukuta, imeshuka, akaondoka, na mama alipokufa, baba alizinyoosha nguo zake mama zote, hata za kushindia, akazitundika kabatini kama zinasubiri mwenyewe aje na risiti, mtu wa namna hiyo unamchukiaje... kaka anasema, na hapa nitawaambia alikufa mikononi mwangu, shangazi anasema sema tu, nani atakupinga, nani, mimi, mikononi mwako wewe uliyekuwa kwenye simu unaniambia uko njiani, foleni, uko njiani, na mimi chumba cha nyuma, adhuhuri, nimemlowesha midomo kwa kitambaa, akasema akiwa amefumba macho, “Mheshimiwa, umefika?” nikaifanya nzito sauti yangu, nikamjibu nimefika baba, nilitaka afe na furaha, ningempa nini kingine, akanishika mkono, akasema, “Mwambie dada yako aondoke humu. Uso wake umenichosha.” Basi. Hakusema tena mpaka alasiri ilipomchukua. Mwaka mzima nimetembea na hayo maneno, sijamwambia mtu, na kila asubuhi nimefungua hili duka, si kwa mapenzi, kwa kumkomoa, aniangalie huko aliko, nimchoshe, uso ndio huu baba, shiba... mvuke unanipanda mkononi, unaniwasha pale pa kovu, siku zote kovu halipendi mvuke, nalikuna kwa kidole gumba, hivi, kwenda na kurudi, hivi hivi alivyo... ngoja. Hivi hivi alivyokuwa akifanya. Alinishika mkono na kidole gumba chake kikawa kinapita hapa, juu ya kovu, kwenda na kurudi, muda wote ule akiongea na Mheshimiwa, kovu la utotoni, niliegemea pasi, akanibeba akakimbia na mimi peku mpaka zahanati, akiwaambia watu wa barabarani, mwambieni asilie, mwambieni asilie, na baadaye ni yeye aliyekuwa akilibadilishia bandeji bila neno, kaka hana kovu, mkono wa kaka ni laini kama wa mtoto mchanga. Alijua. Alijua ameshika mkono wa nani. Mheshimiwa hakuwemo chumbani, hata kichwani mwake hakuwemo, tulikuwa wawili tu, na hata hapo, roho ikiwa kooni, alihitaji mtu wa katikati, akakosa, akanituma mimi kwangu. Aondoke humu. Alijua nikiombwa vizuri nitabaki, nikibembelezwa nitabaki mpaka nizeeke juu ya meza hii, kwa hiyo akanipiga kwa maneno ili niende, akachagua mahali panapouma kuliko pote, akapiga, na mimi mjinga nikabaki kwa hasira... ungesema siku ile ya mashuka, baba, ungesema nikiwa na umri wa kwenda, hukuwa mgonjwa siku ile, hukukosa pumzi, mdomo ulikuwa nao. Kaka yuko mlangoni, kifua wazi, anauliza shati vipi, watu wanakaribia. Namwambia kesho sifungui. Anauliza sifungui nini. Namwambia duka, kesho wala keshokutwa, na yeye anamwangalia shangazi, shangazi anamwambia kwa sauti ya chini, mwache, ana uchungu wa baba yake, na mimi nageuza shati, naulaza mkono wa kushoto, nanyunyiza maji, sina uchungu wowote, nina hasira, safi kabisa, ya kumkasirikia mtu kana kwamba bado anaweza kuingia humu na kunijibu.